HIVI MABINTI ZETU WATASUBIRI MWANA WA MFALME MPAKA LINI?

Juzi staa mmoja wa kike hapa Bongo (jina kapuni) kaposti picha ya mwanae kavalishwa gauni la Cinderella. Chini kaandika eti kazi ya binti yake ni kuwa mrembo tu, mengine atayamaliza mwana wa mfalme. Watu wakamwaga kopakopa kibao.

Mimi nimegoma. Dada huyuhuyu nyumba kajenga kwa jasho lake la jukwaani, hakuletewa na farasi mweupe. Sasa mbona mwanae anamfundisha kusubiri?

Msichukulie poa hizi hadithi. Msichana anaambiwa vumilia, nyamaza, uwe mzuri, utaokolewa. Akikua anang'ang'ania ndoa ya vipigo akiamini jamaa atabadilika kama yule mnyama wa Beauty and the Beast. Mvulana naye anaambiwa beba upanga, usilie. Akikosa hela anajiona si mwanaume, anaumia kimyakimya.

Najua wapo watakaosema tusiharibu hadithi za asili. Asili ipi? Lile busu la Snow White mnalolijua kwenye filamu ya Disney ya 1937 halimo kwenye kitabu cha ndugu Grimm. Kwenye toleo lao la 1857, watumishi wanajikwaa wakiwa wamebeba jeneza, kipande cha tufaha kinamtoka kooni, anaamka. Basi! Na humohumo Gretel ndiye anayemsukuma mchawi kwenye tanuri na kumwokoa kaka yake. Hata Alfu Lela Ulela, Shahrazad alijitolea mwenyewe kuolewa na mfalme muuaji, akaokoa mabinti wenzake kwa akili na simulizi zake.

Sisemi tuchome vitabu. Simulia, ila wachanganyie na za aina nyingine. Ipo The Paper Bag Princess ya Robert Munsch, ya 1980. Elizabeth anamzidi joka ujanja ili amwokoe Ronald. Jamaa badala ya kushukuru anamponda alivyochafuka. Elizabeth akampiga chini palepale!

Ukimaliza kusimulia, muulize mtoto, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Muulize wa kike, muulize na wa kiume. Majibu yao yatakuonyesha wamejifunza nini mpaka sasa.

Wewe mdau unaonaje, au nimekosea njia? Funguka.