Sabuni Nayo Ina Haki ya Kupambwa

Wapo watu wanaoamini kwamba uzuri ni wa walioshiba. Nilikutana na mmoja wao mwaka niliojifunza kutengeneza sabuni, katika kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, na tangu siku hiyo nina deni lake la maneno. Leo nalilipa.

Alikuwa afisa wa mradi uliokuwa ukilisaidia kundi letu la akina mama. Alitukuta tumeinamia kisanduku cha mbao, tukichora mawimbi ya rangi ndani ya sabuni mbichi kwa kijiti cha mshikaki. Akatazama, akatabasamu, kisha akamwambia mwalimu wetu: "Mama, sabuni ni ya kuogea, si ya kutazama. Wafundishe kitu cha maana. Mapambo haya yataishia mtaroni." Wiki iliyofuata somo la mawimbi likafutwa kwenye ratiba.

Namjibu kwa sababu wenye mawazo kama yake ni wengi, na wengine tunalala nao nyumba moja.

Kwanza, bwana yule alidhani mawimbi ni mchezo wa watoto. Laiti angekishika kijiti kile mwenyewe! Sabuni yetu haipikwi motoni. Kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji hukutana na mafuta, na humo ndimo inamozaliwa sabuni. Kila mafuta yana kiasi chake: gramu 100 za mafuta ya nazi hutaka gramu 18 na kidogo za kostiki, mawese gramu 14 hivi, zeituni chini ya hapo. Kwa gramu 300 za nazi, 400 za mawese na 300 za zeituni, hesabu hufika gramu 152. Nasi hupunguza asilimia 5, tukapima gramu 144, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Hesabu hiyo waliifanya wanawake walioacha shule wakiwa wadogo, na hawakukosea.

Sasa, anayetaka kipande kisicho na pambo atakoroga mpaka mchanganyiko uwe mzito, amimine, akalale. Anayetaka mawimbi hana raha hiyo. Lazima aijue ile nukta ambapo mchanganyiko umekuwa uji mwepesi, unaoacha alama juu ukiudondosha kwa mwiko, kisha alama ikazama polepole. Ukiwahi, rangi zinaingiliana na kuwa tope. Ukichelewa, hakuna mstari unaochorwa; unabandika mabonge. Joto nalo lina neno lake, ndiyo maana tulifanya kazi alfajiri, mafuta yakiwa na nyuzi 35 hivi, kabla jua halijaharibu mambo.

Mimi nilifunzwa na karafuu. Nilitaka sabuni yangu inukie kwetu, nikamimina mafuta ya karafuu ya Pemba katika ndoo nzima, rangi zikiwa zimekaa tayari vikombeni. Kabla sijageuka kuzichukua, ndoo ilikuwa ugali, mwiko umesimama wenyewe. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akaniambia, "karafuu haina subira." Siku hiyo nilijua kwamba yale yanayoipa karafuu ukali wake ndiyo yanayoiharakisha sabuni kuganda. Tangu hapo naitia kidogo, tena katika fungu moja tu, na fungu hilo ndilo la kwanza kumiminwa. Nilisaga ua la rozela nikitarajia wekundu, nikapata kahawia ya maji ya mtaro. Manjano yaligeuka mekundu mbele ya macho yangu, kisha siku zilivyopita yakatulia katika rangi ya machungwa. Mkaa uliosagwa ulibaki mweusi, mwaminifu kuliko vyote.

Ndugu msomaji, huo ndio "mchezo" uliofutwa. Yalikuwa masomo ya joto, wakati na kipimo, na kosa lilionekana kwa macho saa ileile. Somo lililobaki lilimruhusu mtu akosee kwa miaka asijue.

Nakiri jambo moja. Mawimbi hayafichui kostiki iliyozidi. Sabuni nzuri kama hariri yaweza kumuunguza mtoto. Kwa hiyo mizani hutangulia, na kipande hukaushwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuuzwa. Wale wanaotoza watu ada kuwafundisha rangi kwa nusu siku bila kuwafundisha kupima, mimi si wakili wao.

Pili, hoja ya mtaro. Hina ya biharusi hukaa siku ngapi? Mkeka wa ukili uliotiwa rangi hukaliwa, na pindo la kanga hupauka kwa kufuliwa. Hata hivyo sijapata kumsikia mtu akimwambia bibi yake asuke mkeka mweupe kwa kuwa utakaliwa. Kwetu pambo halijawahi kudaiwa lidumu. Linadaiwa lifanywe vizuri.

Tatu, na hapa ndipo paniumapo: maneno yale waliambiwa akina nani? Waliambiwa wanawake ambao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wamesimama ndani ya maji wakifunga mwani kwenye kamba, wakauanika, wakauuza mkavu kwa bei ya kutupa. Mwani huo husafiri, na ng'ambo huko hutolewa kitu cha kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Sisi kazi yetu ni kuleta mali ghafi. Tulipousaga mwani wetu wenyewe, tukautia katika sabuni yetu, tukataka na kuipamba, tukaambiwa tufanye kitu cha maana. Basi "cha maana" kwa mkono wa maskini ni kile kisichomalizika, ili amalizie mwingine na achukue faida?

Somo lilifutwa kwenye ratiba, halikufutwa mikononi. Tuliendelea uani kwa mwalimu, kabla ya adhana ya alfajiri, kwa taa ya chemli. Siku nilipokata mche wangu wa kwanza uliofaulu, kila kipande kilitoka na wimbi lake, hakuna pacha. Kimoja nilimpelekea jirani yangu, mkulima wa mwani kama mimi. Alikigeuzageuza, akakinusa, akakifunga katika leso na kukiweka kabatini pamoja na udi wake.

Nilimwambia akitoe, akaogee. Ndiyo kazi yake.