Siri za Nyumba na Haki za Waja

Wenyeji wa Kasongo, mji uliotekwa na majeshi ya Mfalme Leopold mwaka 1893, na wa Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya ingali fitina, wamezoea kuwahesabu maadui waliotoka mbali. Taabu ni wale waliotoka katika nyumba zetu wenyewe. Vijana walioshika silaha katika vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003, na wengine waliofuata nyayo zao katika misitu ya Salamabila, wamerudi, wakaoa, wakaitwa baba, na jamaa zao, ambao wanajua fika ni nani aliyemdhulumu jirani, wamefunga vinywa kwa jina la sitara. Sitara hiyo si halali. Masheikh wetu hufundisha, wala mapadri hawapingi, kwamba toba ya dhuluma haitimii mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imewapa waathiriwa haki ya fidia, na mfuko wa FONAREV umewekwa kwa kazi hiyo. Lakini fedha za serikali, hata zikifika (na barabara zetu twazijua), hazitoi ushahidi. Basi wazee wa koo na wawaruhusu wenye kujua waseme mbele ya hakimu, na asitengwe mama wala mtoto kwa kusema kweli.