Jopo la Kamusi kama Darasa: Maoni kuhusu Uongozi wa Kazi za Pamoja na Malezi ya Wanataaluma

1.0 Utangulizi

Kazi kubwa za taaluma ya Kiswahili hazikufanywa na mtu mmoja mmoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981 na kufuatiwa na matoleo ya mwaka 2004 na 2013, haikutolewa kwa jina la mtunzi mmoja, bali kwa jina la Taasisi. Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1999 ina waandishi watatu: Massamba, Kihore na Hokororo. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 ni zao la mradi uliohitaji taarifa za lugha kutoka kila pembe ya nchi. Ni dhahiri kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, namna ya kuongoza kazi za aina hii ni mada isiyopewa nafasi ya kutosha katika mijadala ya wanaisimu. Idara hufundisha fonolojia, mofolojia, sintaksia na semantiki. Ujuzi wa kugawa kazi, kuendesha kikao cha wahariri na kumwinua msaidizi wa utafiti hadi awe mtafiti kamili huachwa ujifunzwe njiani, kila mtu kwa bahati yake.

Makala hii inashikilia kwamba jopo la kitaaluma lina mazao mawili: kitabu na watu. Kiongozi anayetoa kitabu bila kutoa watu wanaoweza kuongoza kazi inayofuata amefanya nusu ya kazi yake. Mfano unaotumika kuonyesha jambo hili ni utungaji wa kamusi, kwa kuwa hakuna kazi ya kiisimu inayodai ushirikiano wa muda mrefu zaidi, wala inayoanika wazi zaidi kasoro za uongozi.

2.0 Funzo la Kamati ya Mwaka 1930

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyoandaliwa chini ya uongozi wake, juu ya msingi uliowekwa na kamusi ya Madan, ilichapishwa mwaka 1939. Ilipotoka, Johnson alikuwa amekwisha fariki. Kazi haikufa pamoja naye, kwani ilikuwa mali ya Kamati. Hilo ni funzo la kwanza: jopo lililoundwa vizuri huishi zaidi ya kiongozi wake.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Kwa zaidi ya muongo mmoja Waafrika hawakuwa na kiti katika Kamati hiyo. Waliozaliwa ndani ya lugha walikuwa chemchemi ya data, na watu wengine ndio waliokaa mezani kuamua neno lipi liingie, liandikwe vipi na lifasiliwe vipi. Athari ya utaratibu huo ilivuka mipaka ya haki na siasa, ikaingia katika elimu yenyewe. Mtu anayeulizwa maneno bila kushirikishwa katika uamuzi hajifunzi kuamua, hata kama ataulizwa kwa miaka ishirini. Ujuzi wa kuamua haurithiwi kwa kuutazama kutoka dirishani.

Ubaguzi wa enzi ile umepita, lakini umbo lake linaweza kurudi kwa mlango mwingine. Mwanafunzi wa uzamili hutumwa uwandani na hojaji aliyoandikiwa na mtu mwingine. Hurudi na data, hulipwa posho yake, na siku data hiyo inapojadiliwa hayumo chumbani. Jina lake, likibahatika, huonekana katika orodha ya shukurani. Mradi ukiisha, mwanafunzi huyo anajua barabara za wilaya tatu na bei za nyumba za wageni, lakini hajui kwa nini hojaji ilikuwa na maswali arobaini badala ya ishirini. Huko ni kutumia nguvukazi, na wala hakustahili kuitwa mafunzo.

3.0 Kugawa Kazi ni Uamuzi wa Kielimu

Kwa kawaida mgawanyo wa kazi huonekana kuwa jambo la utawala. Katika jopo la kamusi njia nyepesi kuliko zote ni kugawana herufi: huyu achukue A hadi D, yule E hadi J, na kuendelea. Njia hii ina kasoro mbili ambazo mwanaisimu hapaswi kuzifumbia macho.

Kasoro ya kwanza ni ya uzito. Kwa desturi, kamusi za Kiswahili huorodhesha nomino pamoja na viambishi vyake vya ngeli. Kwa sababu hiyo herufi M hufurika majina ya watu, miti na vitu vyenye m- au mw-, na K hufurika majina ya ki-. Aliyepewa M amepewa mlima. Aliyepewa E amepewa kichuguu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya malezi. Kila herufi humfundisha mhariri wake isimu ya aina tofauti. Anayeshughulikia R atakutana na rafiki, raia, ratiba, rehani na roho. Atakuwa hodari wa maneno ya mkopo, na pengine asilazimike hata mara moja kufikiria kwa kina uhusiano wa umoja na wingi katika ngeli. Anayeshughulikia M atapata mafunzo kinyume cha hayo. Jopo likivunjwa baada ya miaka mitano, kila mmoja ataondoka na kipande cha ujuzi, na hakuna atakayekuwa mwanaleksikografia kamili.

Mgawanyo wa hatua nao, yaani huyu akusanye, yule afasili, mwingine ahariri, una hatari ileile ikiwa watu watagandishwa katika hatua zao, maana mkusanyaji atabaki mkusanyaji. Linalofaa ni kuchanganya njia hizi mbili. Kila mwanajopo mchanga apewe sehemu ndogo ya kamusi, hata kama ni vidahizo mia mbili tu, aichukue kuanzia ushahidi wa matumizi hadi ukurasa uliokamilika, chini ya mhariri mmoja mzoefu. Zaidi ya hapo apokezane na wenzake hatua za kazi kubwa kwa vipindi vinavyofahamika. Utaratibu huu utachelewesha kazi mwanzoni. Ucheleweshaji huo ni ada ya shule, na hakuna shule isiyo na ada.

4.0 Kikao cha Wahariri kama Semina

Ujuzi wa kitaaluma huivishwa katika kikao, pale uamuzi unapodai sababu. Chukua mfano wa kaa. Kuna kaa wa pwani, kuna kaa la moto, na kuna kitenzi -kaa. Mhariri mchanga hana budi kueleza kwa nini hivi ni vidahizo vitatu na si kimoja. Kisha aeleze kwa nini kukaa kitini, kukaa mjini na chakula kukaa siku tatu bila kuharibika ziwekwe kama maana za kidahizo kimoja. Akifanya hivyo amefundishwa tofauti ya homonimia na polisemia kuliko atakavyofundishwa na mihadhara mitatu.

Vivyo hivyo katika mnyambuliko. Je, kila umbo linalotokana na kitenzi liwe kidahizo? Tukichukua kitenzi -piga, -pigwa na -pigiwa zinatabirika. Msomaji anayejua kanuni hahitaji kuelezwa. Lakini -pigania, kama katika kupigania uhuru, ina maana ambayo haitokani moja kwa moja na kupiga. Na -onea, inapobeba maana ya kudhulumu, haiwezi kukisiwa na mtu anayejua tu -ona na kiambishi cha kutendea. Hapa jopo linalazimika kujiwekea kanuni, kuiandika katika mwongozo wake, na kuifuata. Bila mwongozo ulioandikwa, mhariri wa O atafuata busara yake na mhariri wa P atafuata yake, na kamusi itakuwa na sarufi mbili ndani ya jalada moja.

Zoezi la kufasili lina thamani ya pekee. Anayeandika kwamba furaha ni raha, na kurasa nyingi mbele akaandika kwamba raha ni furaha, amemzungusha msomaji akamrudisha alipoanzia. Anayeandika kwamba mkeka ni kitu cha kukalia amekifasili kiti pia. Kosa la kwanza ni la mzunguko, la pili ni la upana. Makosa haya mawili ndiyo yanayoonekana katika tasnifu nyingi, pale mtahiniwa anapofasili istilahi zake katika sura ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekosolewa mezani kuhusu mkeka ataandika tasnifu yake kwa uangalifu zaidi. Stadi ni ileile. Mahali pa kuitumia ndipo palipobadilika.

Siku hizi mikusanyo ya matini katika kompyuta inaweza kumletea mhariri mifano mingi ya matumizi ya neno kwa muda mfupi. Jambo hili limepunguza uchovu wa kukusanya, na kwa hiyo limeongeza uzito wa kuamua. Jopo linalowapa vijana kompyuta na kuwaachia wazee uamuzi limewapunguzia vijana hata kile kidogo walichokuwa wakijifunza zamani walipopanga kadi kwa mikono.

5.0 Heshima na Hoja

Kikwazo kikubwa cha kikao cha namna hii ni woga unaovaa joho la heshima. Msaidizi wa utafiti huona kosa katika fasili ya profesa wake, akanyamaza. Profesa huuchukua ukimya huo kuwa ni kukubaliwa, na kosa huchapishwa. Jamii za Waswahili zina adabu ya kusema na mkubwa, na adabu hiyo haikatazi hoja. Inaelekeza jinsi ya kuileta. Ni jukumu la kiongozi kuifungulia njia. Anaweza kuwataka walio wadogo kwa cheo waseme kwanza kabla wakubwa hawajatoa maoni yao. Anaweza kuweka fasili yake mwenyewe mezani ikosolewe kama za wengine. Anaweza kuagiza kumbukumbu za kikao zionyeshe sababu za uamuzi bila kutaja nani alikuwa upande gani.

Kufungua mlango wa hoja hakuna maana ya kukosa uongozi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na wahenga hawakukosea. Mjadala wa -pigania ukishafanyika na ushahidi ukishasikilizwa, lazima awepo mmoja wa kusema neno la mwisho na kubeba lawama yake. Methali mbili, ya chawa na ya manahodha, hazipingani: ya kwanza inahusu mikono inayofanya kazi, ya pili inahusu usukani.

6.0 Pingamizi na Suala la Sifa

Wapo wanaodai kwamba taaluma ni safari ya mtu mmoja. Kwamba tasnifu hutetewa na mtahiniwa peke yake, na kwamba anayepoteza miaka katika kazi ya jopo huchelewa kupanda cheo. Sehemu ya kwanza ya dai hili ni dhaifu. Mtahiniwa hutetea peke yake, lakini hakujifunza kutetea akiwa peke yake. Sehemu ya pili ni ya kweli, na haifai kupuuzwa. Pale makala yenye mwandishi mmoja inapohesabiwa kuwa na uzito kuliko miaka minne ya kuhariri kamusi, mhadhiri kijana mwenye akili atakimbia kamusi, na hatakuwa na kosa.

Dawa yake imo mikononi mwa taasisi zenyewe. Kamusi iendelee kubeba jina la taasisi jaladani, lakini kurasa zake za mwanzo zieleze kinaganaga nani alifanya nini: nani alikusanya, nani alifasili sehemu ipi, nani alihariri. Mwanafunzi aliyekusanya data apewe haki ya kuitumia katika tasnifu yake kwa makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kwenda uwandani, si baada ya kurudi. Kamati za kupandisha vyeo nazo zipime mchango huo kwa mizani inayojulikana. Bila hayo, wito wa kushirikiana utabaki maneno ya ufunguzi wa makongamano.

7.0 Hitimisho

Makala hii imedai kwamba uongozi wa jopo la kitaaluma ni sehemu ya ufundishaji, na kwamba mgawanyo wa kazi, kikao, mwongozo na utaratibu wa kutambua mchango wa kila mmoja ni mitaala iliyofichika. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: anayelelewa kuleta data tu atakua akileta data, na siku akiwa kiongozi atawatuma wengine wamletee.

Kipimo kinachopendekezwa ni chepesi. Siku kamusi inapozinduliwa, mkuu wa jopo aulizwe swali moja: endapo toleo linalofuata litaanza kesho naye hayupo, ni nani kati ya wasaidizi wake anayeweza kukaa katika kiti chake? Akitaja majina mawili au matatu bila kusita, jopo lilikuwa darasa. Akikosa jina la kutaja, toleo lijalo litaanza upya tangu kadi ya kwanza.