Maharagi yapandishwe hadi kwenye mkate

Shinkolobwe, mgodi ulio umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Likasi nchini Kongo, hutajwa duniani kwa sababu ya urani iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Jikoni kuna historia nyingine. Union Minière, kampuni iliyouchimba mgodi huo, iliwagawia wafanyakazi wake posho: unga wa mahindi, maharagi, karanga, mafuta ya mawese. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Maharagi yangali sufuriani.

Lakini yamefungiwa kando ya bukari. Mkate wa asubuhi huachiwa margarini na mayonezi, vitu vya kununua kila vinapokwisha, ilhali posho ile ya zamani ilikuwa na karibu kila kinachotakiwa kutengeneza kipakwa cha nyumbani kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Inaongezwa pilipili, ndimu, kitunguu saumu na chumvi, basi.

Maharagi yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe. Yakilowekwa huiva upesi na makala hupungua. Yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kwani maharagi mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha, kisha yaendelee hadi yapondeke kwa vidole viwili. Pilipili ibanikwe juu ya mbabula mpaka ngozi iingie weusi. Vikombe viwili vya maharagi vitwangwe kinuni pamoja na hiyo pilipili, kitunguu saumu, chumvi na kijiko cha karanga zilizokaangwa na kusagwa. Mchuzi wa maharagi unatiwa kidogo kidogo. Kipakwa kimekuwa tayari kinapotelezeka juu ya mkate bila kuuchana. Ndimu hukamuliwa mwisho.

Ndimu hiyo si ya ladha peke yake. Gramu 100 za maharagi makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini, na madini ya chuma pia. Vitamini C ya ndimu husaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Chai huyazuia, kwa hiyo ni afadhali inywewe saa moja baadaye.

Wapo watakaosema kitu hiki hakikai kama margarini. Ni kweli. Kwenye friji kinadumu siku tatu hivi, na umeme ukikatika kwa saa nyingi hesabu hiyo inavunjika. Asiye na friji atwange cha mlo mmoja tu. Kukifungia ndani ya chupa kwa wiki kadhaa ni hatari: vijidudu vya botulizimu hupenda chakula cha namna hiyo kisicho na hewa, na ndimu kidogo haiwazuii.

Hata hivyo, kazi yake ni ndogo, kwa kuwa maharagi tayari yanapikwa. Anayeinjika sufuria ya familia leo achote vikombe viwili kabla ya kutia nyanya na mafuta, avipeleke kinuni.