Gramu 280 za Fahari

Wako wapiga picha wanaohubiri kwamba asiye na lenzi ya f/2.8 asijisumbue na picha za mandhari. Ndugu msomaji, usitishike. Tuzipime lenzi mbili za Canon: ya milimita 24 hadi 70, f/2.8, iliyotoka mwaka 2002, na ya milimita 24 hadi 105, f/4, ya mwaka 2005. Ya kwanza ina gramu 950. Ya pili 670. Tundu pana lina faida yake harusini, penye mwanga hafifu na watu wasiotulia. Lakini mlima hauchezi ngoma. Atakaye jiwe la karibu na kilele cha mbali vyote vionekane sawasawa hulibana tundu hadi f/8 au f/11, kamera ikiwa juu ya miguu mitatu. Hapo f/2.8 imekwisha kazi. Ni kweli, ya pili hupinda mistari kwenye milimita 24. Ila mlima nao hauna mstari ulionyooka. Anayependa fahari na aibebe mwenyewe. Asimtwishe kijana anayedunduliza akiba yake, akamwaminisha kwamba wembamba wa mfuko ni upofu wa macho.