Tukienda Kuwatazama Wagonjwa

Hivi karibuni sisi watatu tulioolewa katika nyumba moja tulisafiri kutoka Mbeya hadi Bujonde, Kyela, kuwatazama wakwe zetu, baba na mama, ambao wote wawili walikuwa mahututi. Basi lilipita Tukuyu, likateremka kwenye joto la mipunga na kokoa. Njiani tulipanga maneno ya faraja.

Tulipofika, maneno yalitutoka. Mama, aliyezoea kutufungia mchele kila mavuno, hakuweza kuinua kichwa. Tulilia kwa sauti. Ndipo wifi yetu, anayewauguza peke yake, akaacha kufua mashuka, akaja kutubembeleza sisi! Kisha akaenda kutupikia.

Tuliona haya. Usiku ule tulimwuliza tangu lini hajalala. Aliinama tu, machozi yakamtoka.

Kesho yake tuligawana kazi: mmoja maji, mmoja uji, mmoja kuwaogesha wagonjwa na kuwapa dawa zao kwa saa zake. Wifi alilala hadi mchana. Mama alitushika mkono, akasema, "Ndaga," yaani asante.

Katika Mathayo 25 Bwana anahesabu kumtazama mgonjwa kuwa ni kumtazama Yeye. Lakini kumtazama si kuketi na kungoja chai. Tuchukue sabuni, sukari na unga. Tuombe, kisha tushike ndoo.

Je, mama mwenzetu, katika ukoo wako ni nani anayeuguza peke yake?