Ruzuku za utafiti Marekani: Ahadi ya sentensi moja, daftari la miaka

Kwenye andiko la kuomba ruzuku, profesa anaongeza sentensi moja tu: chuo kitalipia asilimia 10 ya muda wake kwenye mradi. Lengo ni kumvutia mfadhili, aone chuo kimejitoa. Fedha zikiingia, sentensi hiyo inageuka deni.

Akiwa analipwa dola 120,000 kwa mwaka, chuo kimeahidi dola 12,000 kila mwaka. Kwa kawaida fedha hizo haziwezi kutoka kwenye ruzuku nyingine ya serikali kuu. Na kutoa tu hakutoshi, lazima zionekane kwenye vitabu.

Kanuni za serikali kuu ya Marekani, kifungu cha 200.306, zinataka mchango wa chuo uthibitike kwenye kumbukumbu zake, uwe unahitajika kweli na mradi, na usihesabiwe kwenye miradi miwili. Kumbukumbu zenyewe hutunzwa miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

Kasheshe iko kwenye muda. Mashine ina risiti, saa za profesa hazina. Asubuhi anafundisha, mchana yuko maabara, jioni anasahihisha mitihani. Ndiyo maana vyuo vingi huwataka watafiti wathibitishe kwa maandishi kazi yao iligawanyikaje. Anayesaini miezi sita baadaye, tuseme ukweli, anakisia.

Kukisia kuna bei. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Northwestern kilikubali kuilipa serikali dola milioni 5.5 kumaliza madai kuhusu muda ambao watafiti wake walidaiwa kuutumia kwenye miradi.

Cha ajabu, saa za ziada ambazo mtafiti anajitolea bila kuziahidi popote haziulizwi na mkaguzi. Anaweza kukesha maabara mwaka mzima na asidaiwe karatasi hata moja. Tofauti ni ile sentensi.

Na mara nyingi haina faida. Tangu Januari 2011, shirika la sayansi la Marekani, NSF, limepiga marufuku ahadi za hiari za namna hiyo kwenye maombi yake. Kanuni za jumla nazo zinasema hazitarajiwi kwenye maombi ya utafiti. Kama zingehesabiwa, vyuo vyenye hela vingewazidi kete wenzao kabla sayansi yenyewe haijasomwa.

Mvutano mpya ulikuja Februari 2025, taasisi za afya za nchi hiyo, NIH, zilipotangaza kikomo cha asilimia 15 kwenye gharama za uendeshaji. Vyuo vikakimbilia mahakamani, na mahakama ikazuia. Hofu yao ilikuwa wazi: pengo lingeangukia vyuo, iwe viliahidi au la.

Kwa washirika wa NIH huku Afrika Mashariki, hilo si geni. Kwa miaka mingi taasisi za nje ya Marekani zimekuwa zikipewa asilimia 8 tu. Umeme wa maabara na mshahara wa mhasibu vikizidi hapo, chuo kinabeba, na mchango huo hauandikwi popote. Lakini chuo cha Kampala au Dar es Salaam kikiweka ahadi ya kuchangia kwenye ruzuku inayopitia chuo cha Marekani, kitadaiwa vielelezo vilevile.